Dakika 75 za Mwanafunzi wa Kiserian

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilipanga siku ya mwanafunzi wa Kenya kwa undani ambao wazazi wengi hawaujui. Masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na yaishe saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, vilabu, muziki na drama, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa wanaolala shuleni, saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu ni wakati wao wenyewe. Prepu, yaani kujisomea, hudumu kwa saa mbili tu, na ikifika saa tatu na nusu usiku ni kulala hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Ukijumlisha, unapata saa nane na nusu za usingizi na dakika 75 za shughuli nje ya darasa. Hesabu hiyo haiko mbali na ya madaktari. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Shirika la Afya Duniani nalo linataka kila kijana apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili hadi pumzi ipande. Walioketi kuandika kanuni hizo walijua walichokuwa wakifanya.

Lakini ipo ratiba nyingine, ile isiyochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Katika shule nyingi za upili za bweni kengele ya kwanza hulia saa kumi au saa kumi na nusu alfajiri, na watoto hujikokota hadi darasani kwa prepu ya asubuhi huku macho yakigoma kufunguka. Saa tisa na nusu ikiwadia, Hisabati au Kemia ya ziada huukalia uwanja. Usiku, prepu husogea hadi saa nne, wakati mwingine saa nne na nusu. Jumamosi ni siku ya mtihani. Kipindi cha elimu ya viungo, ambacho kimo kwenye ratiba ya kila shule, huwa mali ya mwalimu yeyote aliyebaki nyuma na silabasi. Aliyewahi kusoma shule ya upili nchini hahitaji kuthibitishiwa hilo.

Ndiyo maana mjadala wa kusawazisha masomo, michezo na afya ya akili huanza kombo. Huendeshwa kana kwamba tatizo ni mwanafunzi asiyejua kupanga muda. Huletewa mzungumzaji wa kutia moyo (Ijumaa alasiri, wakati wa michezo, bila shaka), akaambiwa ajiwekee malengo na kuandika ratiba yake binafsi. Ratiba ipi? Mwanafunzi wa bweni hana hata robo saa ya kupanga. Muda wake ulipangwa na watu wazima, kisha watu wazima haohao wakauchukua.

Kiserian ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu aina zote za watoto hukutana hapo. Mji wenyewe uko kaunti ya Kajiado, kwenye barabara ya Magadi, miguuni pa vilima vya Ngong. Upande mmoja kuna Ongata Rongai na njia ya Nairobi. Upande wa pili barabara inapanda hadi Kona Baridi kabla ya kuteremka kuelekea Magadi, na barabara ya Pipeline inakata mbuga hadi Isinya, ambako unashika njia ya Namanga kwenda Kitengela au Kajiado mjini. Katika darasa moja atakuwemo mtoto wa karani anayefanya kazi Nairobi, mtoto wa mwenye bucha sokoni, na mtoto wa mfugaji ambaye likizo yake hutegemea mvua imenyesha wapi.

Kwa anayesoma shule ya kutwa, mambo yana sura yake. Foleni ya magari kati ya Rongai na Kiserian haina huruma kwa sare ya shule. Mtoto huondoka nyumbani giza likiwa bado nene, na darasa la ziada likimalizika saa kumi na mbili jioni, hurudi gizani vilevile, kwa matatu iliyojaa au kwa miguu. Kwa msichana, giza hilo ni suala la usalama kabla halijawa suala la uchovu. Nyumbani kuna maji ya kuteka, chakula cha kupika, mdogo wa kuangaliwa, kisha vitabu. Mwenzake wa bweni hunyimwa usingizi na kengele, naye hunyimwa na barabara na kazi. Wote wawili hukutana darasani saa tano asubuhi, vichwa juu ya dawati.

Ni rahisi kuwalaumu walimu wakuu, na baadhi yao wanastahili. Ila mwalimu mkuu anaishi chini ya bango. Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, yakitoka, lango la shule huning'inizwa kitambaa chenye picha za waliopata A na alama ya wastani iliyopanda kwa sehemu ya pointi. Serikali ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo mwaka 2014, na suala hilo likafika mahakamani. Leo orodha hizo hutengenezwa na shule zenyewe, magazeti na makundi ya WhatsApp ya wazazi. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe halali ndiye huyohuyo atakayemhamisha wastani ukishuka. Na masomo ya ziada mara nyingi huwa na ada yake, ambayo humfikia mwalimu kama motisha, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo waziwazi. Uwanjani hakuna bahasha.

Tuseme basi kwamba mbio hizi zina faida. Zinamfaidi nani? Katika KCSE ya 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, gredi ya kuingilia chuo kikuu. Hao walikuwa asilimia 25.53. Waliopata A kavu walikuwa 1,693 katika taifa zima. Kwa maneno mengine, watahiniwa watatu kati ya wanne walitoka bila ile tuzo ambayo usingizi wao, michezo yao na Jumamosi zao zilitolewa kafara kwa ajili yake. Kama shule haikuwapa kitu kingine katika miaka minne, haikuwapa chochote walichoahidiwa. Mtu anaweza kujibu kwamba bila kuwakaza wangeanguka zaidi. Huenda. Ila hakuna mwalimu wa Biolojia atakayekuambia kwamba ubongo unaolala saa tano unahifadhi somo kuliko unaolala saa nane. Yeye mwenyewe hufundisha kinyume chake, kisha hupiga kengele ya saa kumi.

Historia ya nchi hii inatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1976 mmisionari kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alifika Iten kufundisha Jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa kocha. Alianza kuwaangalia wavulana uwanjani jioni, akajifunza kazi hiyo akiwa kazini. Shuleni hapo akapita Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, mahali ambapo miguu ilimfikisha na vitabu vikamruhusu kukaa. Miaka mingi baadaye mwalimu huyohuyo ndiye aliyemnoa David Rudisha, kijana wa Kimaasai kutoka Kilgoris, Narok, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya vipaji na hewa ya milimani. Kiserian nayo ina milima, na wakimbiaji wa masafa marefu hufanya mazoezi kwenye vilima vya Ngong. Tofauti ilikuwa mwalimu wa darasani aliyekuwa huru saa kumi jioni, na wavulana waliokuwa huru naye.

Kajiado yenyewe haijakosa mfano. Laiser Hill Academy ya Ongata Rongai, kilomita chache tu kutoka Kiserian, ni jina kubwa katika mpira wa kikapu wa shule za upili na imewahi kutwaa ubingwa wa kitaifa wa wavulana. Ni shule ya binafsi, na hilo lazima lisemwe, kwa kuwa uwanja wa kikapu, kocha na basi la timu hugharimu pesa ambazo shule ya kutwa ya umma, inayosubiri mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi ambao mara nyingi hufika umechelewa na umepungua, haiwezi kuziota. Lakini huko Kwale, Kaya Tiwi, shule ya umma, imekuwa ikitwaa mataji ya wasichana ya mchezo huohuo. Utajiri husaidia. Hauelezi kila kitu.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo wapenzi wa michezo hawapendi kulisikia. Mfumo wetu wa michezo ya shule hauwahusu wanafunzi wengi. Unaihusu timu. Mashindano huanza kwenye kaunti ndogo, yakapanda kaunti, kanda, taifa, hadi michezo ya Afrika Mashariki, iliyofanyika Mbale mwaka 2024 na Kakamega mwaka uliofuata. Kila ngazi hupunguza idadi ya wachezaji na kuongeza ya washangiliaji. Katika shule ya wanafunzi 800, wanaovaa jezi ni labda 60. Waliobaki hupewa ruhusa ya kushangilia, na hata hiyo ni siku timu inapocheza nyumbani. Kisha muhula wa tatu uwanja hufungwa kabisa kwa ajili ya mitihani.

Na hao wachache wenye jezi nao wana madhila yao. Shule zenye njaa ya vikombe huvuta wachezaji kutoka shule nyingine kwa ahadi ya karo ya bure, na kashfa za wachezaji waliopita umri hujirudia msimu baada ya msimu. Kijana kama huyo hukosa masomo wiki kwa wiki, hupewa gredi za huruma, na akiumia goti kidato cha tatu anagundua kwamba ufadhili ulikuwa wa goti. Hapo hapana usawa wowote. Ni ukatili uleule wa alama ya wastani, ila umevaa viatu vya njumu.

Usawa wa kweli ungeonekana pale ambapo mvulana asiyejua kupiga mpira anacheza kwa sababu ni saa kumi jioni na kila mtu yuko nje. Voliboli ya bweni dhidi ya bweni. Mpira wa pete wa wasichana wanaochekana wakikosa kikapu. Kuruka kamba. Kutembea tu, wawili wawili, kuzunguka uwanja wakizungumza. Hakuna kombe la jambo hilo, na ndiyo sababu halina mtetezi.

Wamaasai wa Kajiado wamewahi kulifikiria suala hili kwa njia yao, nje ya shule. Tangu 2012, katika hifadhi ya Sidai Oleng huko Kimana, kusini mwa kaunti hii, kumekuwa na mashindano yajulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai, yaliyoanzishwa ili morani wapate uwanja mwingine wa kuonyesha ushujaa badala ya kuwinda simba. Rudisha akawa mlezi wake. Wanakimbia, wanarusha rungu na mkuki, wanaruka juu kwa mtindo wao wenyewe. Wasichana nao wana mbio zao. Manyatta iliyoshinda hupewa fahali wa mbegu. Waandaaji walielewa kitu ambacho Wizara ya Elimu huwa inakisahau: nguvu za kijana hazipotei kwa kunyimwa pa kutokea. Ukizifungia mlango mmoja, zitautafuta mwingine.

Mlango huo mwingine tumeuona. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, jirani wa mashariki wa Kajiado, bweni lilichomwa na wavulana 67 wakafa. Matokeo ya mtihani yaliyofutwa yalikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyokuwa yakifukuta shuleni. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilishuhudia moto katika muhula mmoja. Mwaka 2021, kalenda ilipobanwa ili kufidia miezi iliyopotea kwa korona, na likizo zikapunguzwa hadi siku chache, moto ukarudi. Kila mara tume na kamati hutaja mambo yaleyale: hofu ya mitihani ya majaribio, msongamano wa mabweni, wanafunzi wasiosikilizwa. Si kwamba ratiba ngumu huwasha kiberiti. Anayewasha kiberiti ana hatia yake. Ila mtu mzima anayefungia watoto 800 ndani ya ua, akawanyima usingizi na mchezo, kisha akashangaa, hajashangaa kwa haki.

Wengi, hata hivyo, hawachomi chochote. Hunyamaza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila wanane nchini alikuwa na tatizo la akili linalotimiza vigezo vya kitabibu. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni sita. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha, na mwalimu huyo kwa kawaida pia hufundisha vipindi kamili, husimamia bweni, na husahihisha. Mwanafunzi naye anajua kwamba mshauri wake ndiye aliyempa adhabu Jumanne.

Dawa moja imejaribiwa hapa hapa nyumbani. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn pamoja na wenzake, huwafunza vijana waliomaliza shule ya upili juzi tu kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi. Vikao ni vinne, saa moja kila kimoja: kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, kutambua unachokithamini maishani. Jaribio lao lililohusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti ilikuwapo hata miezi saba baadaye. Jambo la kuzingatia ni bei. Hapakuhitajika daktari wala jengo. Palihitajika saa moja kwenye ratiba, mara nne. Na hiyo ndiyo bidhaa adimu kuliko zote.

Ipo pia bidhaa ya pili inayoadimika: ardhi. Sensa ya 2009 iliwakuta watu 687,312 Kajiado, na ya 2019 ikakuta 1,117,840. Wengi walishukia ukanda wa Kitengela, Rongai, Ngong na Kiserian, kwenye ploti za futi 50 kwa 100. Shule za binafsi zikachipuka kwenye ploti mbili au tatu zilizounganishwa, ghorofa juu, lami chini, na mapumziko huchukuliwa kwa zamu kwa sababu watoto wote hawaenei uwanjani kwa mara moja. Shule za umma zilikuwa na uwanja. Sera ya 2018 ya kila mtoto kuingia kidato cha kwanza, ambayo ilikuwa sera njema, ilileta wanafunzi wengi kuliko madarasa, na madarasa mapya yakajengwa pale palipo wazi. Palipo wazi ndipo palipokuwa na milingoti ya goli. Serikali ya kaunti hutoa vibali vya ujenzi kila siku. Kusajili shule isiyo na mahali pa kukimbia si sheria ya maumbile. Ni uamuzi wa mtu ofisini.

Mtaala mpya umefika katikati ya hali hiyo. Januari 2026 kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10, likigawanywa katika njia tatu: Sayansi na Teknolojia, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza mchezo ni somo lenye heshima ya kuchaguliwa. Ni hatua nzuri, na ina mtego wake. Tayari wazazi wanaiona njia ya tatu kama dampo la walioshindwa na Hisabati. Na shule nazo zinaweza kujiambia kwamba, maadamu kuna wanafunzi wa michezo, wale wa sayansi waachwe wasome. Mchezo ukigeuzwa taaluma ya wachache, mtoto wa Fizikia atakuwa amepoteza hata zile dakika 75 zilizobaki kwenye karatasi.

Kinachotakiwa Kiserian hakihitaji sera mpya. Maafisa wa ubora wa elimu wanaweza kufika shuleni saa kumi jioni, si saa nne asubuhi kama ilivyo desturi, wakaangalia wanafunzi wako wapi. Wazazi wanaokwenda kwenye mkutano wa mwaka wanaweza kuuliza kengele ya kwanza hulia saa ngapi kabla ya kuuliza wastani ni ngapi, na wakubali jibu la kwanza liathiri uamuzi wao wa kulipa ada ya masomo ya ziada. Shule mbili zisizo na uwanja zinaweza kuomba zamu kwenye uwanja wa shule ya umma iliyo jirani, zikachangia kuusawazisha.

Na watu wa kusimamia michezo na vikao vya mazungumzo wapo. Matokeo ya KCSE hutoka Januari, ilhali vyuo vikuu huwapokea wanafunzi wapya kuanzia Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo yote, vijana wa Kiserian na Kitengela waliotoka tu shuleni hukaa dukani kwa mama, kwenye stendi ya bodaboda, au nyumbani na simu. Baadhi yao walikuwa manahodha wa timu. Baadhi walipita kwenye usiku wao mbaya wa kidato cha tatu na wanakumbuka kilichowasaidia. Posho ya nauli na chakula cha mchana, mafunzo ya wiki mbili, na barua ya mwalimu mkuu inayowaruhusu kuingia langoni saa tisa na nusu zinatosha kuanzia.